Ngeli ya Mkokoteni

Mwalimu Kerubo aliandika ubaoni, chaki ikilia:
mkokoteni – mikokoteni. Ngeli ya U-I.
Chombo chenye magurudumu mawili,
hukokotwa kwa mikono, huchukua mizigo.
Tukanakili. Nikapiga mstari kwa rula.

Hakuandika kwamba hukodishwa, shilingi mia kwa siku,
na mama mmoja wa Shauri Moyo anayevaa funguo shingoni,
kwamba ekseli ni ya Pijo iliyokufa zamani,
kwamba breki ni kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma:
ukitaka kusimama unainua mikono, mkia unakwaruza lami,
na kwenye mteremko wa Ngara, mvua ikinyesha,
unaomba.

Hayo niliyajua nyumbani.
Baba alikuwa wa mbele, Odundo wa nyuma.
Wa mbele hutukanwa na madereva.
Wa nyuma haoni kitu ila gunia,
huijua Nairobi kwa visigino vya mwenzake.
Saa kumi alfajiri, pale Marikiti,
kabichi bado zina umande wa Kinangop,
baba huita: Mguu! Mguu!
Si samahani, si naomba nipite.
Mguu, kwa kuwa ndio utakaopondwa.

Mama akisema, "Leo mkokoteni umelala,"
tulijua chai ni ya rangi.
Lakini kanjo wakiukamata sauti yake ilibadilika,
alisema, "Amelala ndani,"
kama anayemtaja shemeji.
Nikaandika hivyo katika insha.
Mwalimu akazungushia wino mwekundu: UMELALA.
Nusu alama ikaenda.

Wiki hiyo tulisoma -ni.
Ya mahali: sokoni.
Ya kuwaamrisha wengi: njooni, ketini.
Ya kuuliza: wataka-ni?
Nikainua mkono.
Mwalimu, ile ya mkokoteni ni ipi?
Darasa likacheka. Bintiye Muthiani na mkokoteni wao!
"Hiyo ni nomino tu," akasema. "Keti."
Nikaketi.

Aprili, shule zimefungwa, nimempelekea baba uji.
Nilimkuta kati ya mikono miwili ya mbao,
amepiga magoti
kama mtu aliyeangusha sarafu.
Kifua, alisema. Halafu hakusema.
Teksi ilitaka mia nane, tena kabla.
Wa bodaboda alimtazama akatikisa kichwa:
huyu hawezi kuketi, mama, ataanguka.
Sijui alimwita nani mama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Odundo akaegemeza bega, akamwaga viazi vya watu,
magunia matano, kando ya barabara,
akatandika makuti ya kabichi, akamlaza baba juu yake.
Kisha akageukia wapakuzi, wauza vitunguu,
hata yule mwenye deni letu,
akapaza sauti moja:
Mkokoteni!

Wakaja sita.
Na mimi, nikishika ubao wa nyuma, nikaisikia ikifunguka.
M, yaani yeye, huyu, mwenye kifua.
Kokote, yaani msimbebe, hamtaweza, barabara ni ya kupanda.
Ni, yaani nyinyi nyote, na sasa.
Tulipanda hadi Kenyatta.
Wa mbele aliita Mguu! Mguu!
na kwa mara ya kwanza magari yakasimama,
au ndivyo ninavyopenda kukumbuka.

Dirishani karani alijaza fomu.
Jina. Umri. Mtaa.
Ameletwa kwa usafiri gani?
Odundo alijifuta jasho kwa ukingo wa fulana.
"Mkokoteni."
Karani akatazama orodha yake, gari, pikipiki, ambulensi,
akatafuta, akakosa,
akaandika: kwa miguu.

Tuliporudi viazi vilibaki magunia matatu.
Baba bado anayalipa yale mawili.